Makofi ya Somoe

Kwamba mgeni wa kipindi changu siku ile ni Eusebio, mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho kujua.

Meneja wa redio alinieleza tu kuwa atakuja mwandishi wa ile tamthilia ya Sajini Chinduli, inayowafungia watu wa Kilwa ndani kila Jumapili. Nikasema vizuri. Vitabu vya Sajini Chinduli, yule askari aliyetungwa na marehemu mwandishi wa huku kwetu, nimevisoma vyote vitano mpaka majalada yameachia. Tamthilia nayo nimeitazama kipindi kwa kipindi huku nikigombana na runinga. Nikaandaa maswali, nikavaa hedifoni, nikainua macho. Mlango wa studio ukafunguka, akaingia mtu ambaye kwa miaka miwili nilikuwa nimefanya kazi kubwa ya kutomkumbuka.

Hakuwa amebadilika sana. Amenawiri kidogo, ndevu amezichonga kwa mtindo wa Dar. Macho ni yale yale mapole, ambayo mama yangu aliwahi kusema ni macho ya mtu anayetafuta kusamehewa kabla hajakosa.

"Hafsa," akasema.

"Karibu, ndugu mgeni. Kaa hapo. Usiguse huo waya."

Nieleze mapema, ili mtu asinihurumie bure. Eusebio ni mtoto wa watu wa Newala, Wakristo, wanaofanya biashara ya korosho mjini Lindi. Alikuwa anafundisha historia sekondari hapa Kilwa Masoko, na mimi nilimpenda. Mama hakutaka kusikia. Dini mbali, kabila mbali, na mimi ndiye mtoto wake pekee. Nililia, nikasusa chakula, mwisho mama akalegea nusu. Akasema, "Haya, aje mwenyewe aseme mbele yangu. Nikishamsikia nitajua la kujibu."

Nikamfikishia Eusebio. Akasema atakuja Ijumaa, alasiri. Halafu, kwa kile kiburi chake cha kimya kimya, akaongeza, "Nikija mkanikataa, nitaelewa. Sitakusumbua tena hata kwa simu."

Ijumaa ikaja, ikapita. Wiki iliyofuata nikasikia amehamia Dar. Nikafuta namba yake, nikanywa chai, maisha yakaendelea. Na siku hii ninayoisimulia, baada ya swala ya alasiri, wazee wa Majid walikuwa waje nyumbani kuchukua jibu la posa. Majid ana duka la nyavu na injini za boti pale karibu na soko. Mtu mstaarabu, hana makuu. Jibu lilikuwa ndiyo. Mama alishaazima viti kwa majirani.

Frank, fundi mitambo wetu, akainua kidole gumba nyuma ya kioo. Tukawa hewani, mubashara.

"Msikilizaji, hujambo popote ulipo, kuanzia Kinjumbi mpaka Lindi mjini. Leo kwenye Kurasa na Picha tunavipima vitabu vya Sajini Chinduli na tamthilia yake. Mgeni wangu ndiye aliyevitoa kwenye karatasi akavitia kwenye runinga. Bwana Eusebio, karibu."

"Asante, dada Hafsa. Nashukuru kurudi Kilwa."

"Umewahi kufika?"

Akanitazama. "Nimewahi kuishi."

"Ahaa. Tuanze na zamani. Kabla ya tamthilia yenu kulikuwa na filamu moja ya Sajini Chinduli. Uliiona?"

"Niliiona kwenye kibanda cha video, Newala, nikiwa mdogo." Akatabasamu, na mimi nikaangalia karatasi zangu. "Vita nzima ya Wajerumani na Waingereza ilikuwa ni watu kumi wanauzunguka mkorosho mmoja. Na Chinduli amevaa saa ya mkononi, ile inayowaka taa."

Frank alicheka nyuma ya kioo mpaka akainama. Hata mimi nilicheka, siwezi kukataa.

"Ile ilituchekesha, kwa hiyo tuliisamehe," nikasema. "Yenu haichekeshi. Ina bunduki za kweli, ina farasi, ina mwanga mzuri. Ndiyo maana nina ugomvi nayo. Kitabu cha pili kizima ni cha wapagazi. Watu wanabeba mizigo ya jeshi mpaka wanakufa njiani, na Chinduli anawaandika majina moyoni asije akawasahau. Mimi kile kitabu nilikisoma nikashindwa kula. Kwenye tamthilia wapagazi wanapita dakika ngapi?"

"Chache."

"Wanapita nyuma, wakati Chinduli anachana nywele."

"Dada Hafsa, wapagazi mia mbili ni chakula cha watu mia mbili. Mtayarishaji alisema tuwe nao kumi na tano na tuwazungushe."

"Kwa hiyo ule mkorosho mmerudi kuuzunguka."

"Tumeuzunguka," akakubali. "Lakini na wewe kuwa mkweli. Kuna mahali tumekishinda kitabu."

Hapo alinipata, maana mimi kwenye vitabu sidanganyi. "Somoe," nikasema. "Kwenye vitabu mke wa Chinduli haongei. Anapika, anasubiri, analia, ameisha. Nyinyi mmempa mdomo. Ile sehemu anayomwambia mkwewe kwamba mwenye kusubiri naye yuko vitani, marehemu mwandishi hakuifikiria. Mimi niliirudia mara tatu."

"Ile niliiandika mimi."

"Nilijua," nikasema, kisha nikatamani kuyarudisha maneno kinywani. Nikakohoa. "Sasa tuje kitabu cha nne, maana hapo ndipo mlipoharibu kabisa."

"Haya, nihukumu."

Nilikuwa nacho mezani. Nikafungua mahali penyewe, nikasoma polepole ili hata aliye jikoni asikie. "Chinduli akafika kwake alasiri, amekonda, fuko begani. Akapiga hodi. Ndani kikalia kiganja, mara mbili. Chinduli akatua fuko, akaketi barazani." Nikakifunga. "Yameishia hapo. Sura imekwisha. Mtu ametoka vitani miaka minne, amefika mlangoni kwake, ameketi. Nikiyasoma maneno yale mwili unanisisimka. Nyinyi mmefanya nini? Somoe anatoka uani anampigia makofi kama anafukuza kuku, anampigia kelele toka, toka! Chinduli anasukuma mlango kwa bega. Hayo mmeyatoa wapi?"

"Kwenye kitabu."

"Kitabu kipi?"

"Hicho hicho. Kusukuma mlango ni matakwa ya mwongozaji, alisema mtu aliyekaa hapendezi kwenye runinga. Ila makofi yamo humo, umeyasoma mwenyewe. Mwanamke ameachwa miaka yote bila habari. Ana hasira. Anasikia hodi, anajua ni nani, hataki hata kumjibu kwa mdomo. Anampigia makofi aondoke." Sauti yake ilikuwa imetulia, ya mwalimu darasani. "Mimi hiyo sehemu ndiyo niliyoielewa kuliko zote."

Nikacheka. Nilicheka kwa dharau, na nadhani mpaka Mitole walinisikia.

"Ndugu mgeni! Somoe alikuwa anaswali."

"Haijaandikwa popote kwamba..."

"Haiandikwi! Marehemu aliwaandikia watu wa kwao. Mwanamke akiwa kwenye swala mtu akabisha hodi, hawezi kuitika. Anapiga kiganja juu ya mgongo wa mkono wa pili. Maana yake nipo, naswali, ningoje. Ndiyo maana Chinduli ameketi. Amekaribishwa yule! Mtoto wa chuo cha Kurani hapa Masoko anajua, na wewe umewaonyesha Watanzania wote mwanamke anafukuza mume wake."

Redioni ukimya ni kosa. Frank akaanza kuzungusha mkono, yaani ongeeni. Eusebio alikuwa anautazama mkono wangu, maana katika kueleza nilikuwa nimepiga kile kiganja mara mbili, vile vile.

"Inatoa sauti hiyo," akasema.

"Ndiyo."

"Unapiga hodi, inakuja sauti hiyo. Unapiga ya pili, inakuja tena, ya haraka kidogo. Ndara za mwanamke ziko nje. Mlango umeegeshwa tu, wa kijani."

"Kitabuni mlango haukutajwa rangi," nikasema.

"Wa kijani," akarudia. "Na unajua mwenye nyumba alishasema hakutaki. Unasimama pale na shati ulilolipiga pasi mwenyewe. Unafanyaje, dada Hafsa?"

Mlango wetu ni wa kijani.

Ile Ijumaa ilinirudia yote. Jirani alikuwa anatwanga. Mimi niko kwenye rakaa ya pili, mtu akabisha hodi kwa sauti ndogo ya kukwama. Nikapiga kiganja. Akabisha tena, nikapiga tena. Nilipotoa salamu nikatoka na kanga yangu ya kuswalia kichwani, barazani hapakuwa na mtu. Nikadhani muuza pweza, maana Eusebio angengoja. Nikarudi ndani, nikakaa kumsubiri Eusebio mpaka nikachoka.

Moyo uliniuma, na niliusikia ukiuma. Lakini mimi ni mtangazaji. Nikavuta maiki.

"Tupokee simu. Msikilizaji, uko hewani, jina lako na ulipo?"

"Bi Maftaha hapa, Kinjumbi."

"Shikamoo, Bi Maftaha."

"Marahaba, mwanangu. Mimi vitabu sivisomi, macho hayataki, tamthilia naiangalia kwa mjukuu. Nataka nimwambie huyo kijana. Hukujua, sawa, si dini yako. Lakini mtu huuliza! Umepigiwa makofi, unageuza mguu unaondoka? Si ungemuuliza hata jirani, jamani hapa kuna nini? Loo! Wanaume wa siku hizi mna haraka ya kununa."

"Bi Maftaha, tunazungumzia kitabu," nikasema.

"Na mimi nazungumzia kitabu," akajibu, akakata.

Nikamwashiria Frank aweke wimbo, mrefu kuliko zote alizonazo. Taa nyekundu ikazima. Tukabaki mimi na yeye na meza ndogo katikati.

"Ulikuja," nikasema.

"Nilikuja. Nilidhani mama yako amekuambia unifukuze, na wewe umekubali. Nikapanda gari siku ile ile."

"Kwa makofi mawili!"

"Kwa makofi manne."

"Usinihesabie, Eusebio! Ulikuwa unanipenda mwaka mzima. Ulikuja kwetu barazani, ukala futari yetu, ukaniona ninaondoka kwenda kuswali mara ngapi? Hata siku moja hukuuliza nikiwa kule ndani nafanya nini. Sina hasira kwamba hukujua. Nina hasira hukuwahi kutaka kujua."

Kisha akasema, "Hapo hunionei. Nilikuwa naogopa kuuliza, nikadhani nikiuliza nitaonekana mgeni."

"Ukakaa mgeni hivyo hivyo."

"Nikakaa mgeni." Akaweka mikono mezani, viganja juu. "Sijaoa, Hafsa. Sijaja hapa kwa ajili ya tamthilia. Meneja wako nilimwomba mimi. Nilitaka nikuone mara moja tu, nijue kama umenichukia."

"Leo wazee wa Majid wanakuja kuchukua jibu langu."

Hakusema usikubali. Angesema hivyo nadhani ningemtoa nje. Alisema tu, "Majid ni mtu mzuri. Aliwahi kunikopesha baiskeli." Na macho yake yakajaa machozi, akayaacha.

Frank akagonga kioo, ananyoosha simu ya ofisini. Nikaenda kuipokea kwake, nyuma ya kioo.

"Mama yako," akasema, akajifanya anatengeneza nyaya.

"Hafsa." Mama alikuwa na ile sauti yake ya msibani. "Redio nimeisikiliza. Yuko hapo?"

"Yuko."

"Nilikuwa kwa Siti, ng'ambo ya njia, siku ile. Nasuka ukili wa mkeka. Nilimwona akija. Nikamwona anapiga hodi, na makofi yako niliyasikia mpaka kule. Nilijua unaswali. Nikamwona anageuka." Akapumua. "Nilikuwa na sauti ya kumwita, mwanangu. Sikumwita. Nikajiambia, mimi sijamfukuza, kaondoka mwenyewe, ndivyo Mungu alivyotaka. Nikarudi nyumbani nikakukuta umevaa lile gauni la bluu, unamsubiri. Nikakuambia amekutupa."

Sikuwahi kumkosea mama adabu maishani mwangu. Nilibana ile simu mpaka vidole vikaniuma. "Kwa nini unaniambia leo?"

"Kwa sababu ukimjibu Majid ndiyo bila kujua, dhambi hiyo itakuwa yangu mpaka kaburini. Huyo kijana sijamkubali, usije ukanielewa vibaya. Dini ni dini, hilo litakaliwa na wazee na litazungumzwa. Lakini jibu la leo nakuachia. Wageni wako njiani. Nikawaambie nini?"

Nikamtazama Eusebio kupitia kioo. Alikuwa amekishika kitabu cha nne, anausoma ule mstari tena, midomo inacheza. Nilimpenda. Baada ya miaka miwili ya kujidai, nilimpenda pale pale, na kwa ujinga wake.

"Waambie hapana, mama."

"Watu wameshavaa, Hafsa."

"Hapana, mama. Siwezi kumpa Majid mwili peke yake."

Kisha akasema, "Haya. Nitawaambia mimi. Aibu hii ni yangu, acha niibebe." Akakata.

Nikarudi kumalizia kipindi. Sikumbuki vizuri nilichosema. Frank ananiambia niliuliza kama sehemu ile ya mlangoni itapigwa picha upya. Eusebio akajibu kwamba tamthilia ikishatoka imetoka, hairekebishiki, na kwamba anawaomba radhi wasomaji wa marehemu, na mwanamke yeyote aliyeswali wakati mtu mjinga yuko nje. Nikawaaga wasikilizaji, taa ikazima, nikaweka kichwa mezani nikalia. Nililia kwa sauti mbele ya Frank, na sikuona haya.

Nilipojifuta nikamwambia Eusebio kwamba nimewakatalia, twende akaseme mwenyewe mbele ya mama, kisha nikachukua simu yangu. Mama angewajibu wazee, lakini mwenyewe alistahili kuambiwa na mimi. Nikampigia Majid. Aliitika mara moja.

"Majid, assalaam alaykum. Nina jambo zito nataka..."

"Waalaykum salaam. Usijitaabishe, Hafsa. Duka zima tulikuwa tunasikiliza."

Nikageukia ukutani, Frank asinione.

"Kipindi chako sijawahi kukikosa," akasema. "Mlango wenu naujua ni wa kijani. Nilipaka mimi ile rangi, mama yako aliponiita mwaka juzi, kabla ya yote haya." Nilimsikia akifunga droo. "Wazee wangu nimewawahi, wameishia msikitini. Mwambie mama asione haya, hakuna mtu atakayekuja."

"Majid, nisamehe. Wewe hujanikosea lolote."

"Najua," akasema. "Na vile vitabu nilishavinunua vyote vitano. Nilikuwa nimefika cha tatu, nikasema tukishaoana tutakuwa na la kuzungumza." Sauti yake haikupanda wala haikushuka. "Basi, kila la heri. Usinipigie tena, tafadhali."

Akakata. Eusebio alikuwa amesimama mlangoni, ananingoja nimpeleke kwa mama. Nikamwambia anipishe kwanza. Nikakaa pale na simu mkononi, nikamlilia Majid.